Agosti 27 na Watu Wenye Saa

Jumatatu ya tarehe 27 Agosti 1883, mkuu wa polisi wa kisiwa cha Rodrigues, James Wallis, aliandika kwamba kulikuwa kunasikika mngurumo kama wa mizinga kutoka upande wa mashariki. Rodrigues ni kisiwa kidogo ndani ya Bahari ya Hindi, mbele ya Mauritius, na ukitazama mashariki yake huoni kitu ila maji. Baharini mizinga ya namna hiyo ilikuwa na maana moja: kuna meli taabani, inaomba msaada. Hapakuwa na meli. Kilichonguruma kilikuwa kisiwa cha Krakatau, katika mlangobahari wa Sunda kati ya Java na Sumatra, kilomita zipatazo 4,800 kutoka alipokuwa Wallis. Umbali huo unazidi ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, na sauti ilikuwa imesafiri karibu saa nne juu ya maji.

Magazeti na redio hupenda safu za "siku kama ya leo", na Agosti 27 huzipa kazi nyepesi. Kuna Krakatau. Kuna vita vya Zanzibar vya mwaka 1896, ambavyo watoto wa shule hukariri kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani. Kuna kisima cha mafuta cha Pennsylvania mwaka 1859, na mkataba wa Paris wa mwaka 1928 uliopiga vita marufuku. Kila tukio hupewa mstari mmoja, kisha wimbo unapigwa. Msikilizaji hubaki na picha kwamba mambo haya yalitokea yakajiandikia yenyewe tarehe. Hayakujiandikia. Nyuma ya kila tarehe mashuhuri yupo mtu aliyekuwa na saa, kalamu na, mara nyingi, waya wa simu. Ukimjua huyo ni nani na alikuwa upande gani, ule mstari mmoja husomeka vingine.

Tuanze na Krakatau, kwani hapo waliohesabu hawakuwa hata na habari kwamba wanahesabu.

Mlima ule haukuripuka ghafla. Ulianza kutema moshi na majivu Mei 20, na kabla ya mwezi kwisha watu wa Batavia, yaani Jakarta ya leo, walikwishaikodi meli iitwayo Gouverneur-Generaal Loudon wakaenda kuutazama kwa karibu kama watu waendao tamasha. Jumapili ya Agosti 26 mchana milipuko ikapamba moto. Kesho yake ikaja minne mikubwa: saa 11:30 alfajiri, saa 12:44, saa 2:20, na ule wa mwisho, mkubwa kuliko wote, saa 4:02 asubuhi. Sehemu kubwa ya kisiwa ikadidimia baharini, na bahari ikajibu kwa mawimbi ambayo mahali pengine yalipanda zaidi ya mita 30. Miji ya Anyer na Merak, kwenye pwani ya Java, ilifagiliwa.

Loudon, meli ile ile ya watalii wa Mei, asubuhi hiyo ilikuwa katika ghuba ya Lampung, mbele ya mji wa Telok Betong, upande wa Sumatra. Nahodha Lindeman alipoliona wimbi linakuja alifanya jambo ambalo kila baharia analijua na wachache wana moyo wa kulifanya: hakukimbia. Aliielekeza omo kwenye wimbi lenyewe, mashine zikiwa kazini, meli ikapanda, ikakaa juu kidogo, ikateremka upande wa pili. Abiria walipogeuka kutazama nyuma mji haukuwapo. Jirani yao hakujaliwa hivyo. Berouw, manowari ndogo ya Kiholanzi, ilinyanyuliwa ikabebwa bondeni na kutupwa msituni, kilomita mbili na zaidi kutoka baharini. Mabaharia wake 28 walikufa wote.

Serikali ya Kiholanzi ilitoa hesabu ya vifo 36,417. Ni tarakimu ya karani: kijiji kwa kijiji, jedwali kwa jedwali. Inawezekana sana haikutimia, lakini mtu alikaa akahesabu.

Na ile saa 4:02 ilipatikanaje, wakati wengi wa waliokuwa karibu na mlima walikufa? Ilipatikana kiwandani. Kiwanda cha gesi ya taa za Batavia kilikuwa na kipimo kilichochora mstari kwenye karatasi kuonyesha kani ya gesi ndani ya tangi. Wimbi la hewa kutoka Krakatau lilipopiga, mstari uliruka hadi nje ya karatasi. Wataalamu walichukua saa iliyoonekana hapo, wakaondoa dakika chache ambazo wimbi lilitumia njiani, wakapata wakati wa mlipuko. Barometa za miji mingine duniani, zilizowekwa kwa ajili ya kutabiri mvua tu, nazo zilichora mruko ule ule, tena na tena, kwa siku tano. Wimbi lilikuwa likiizunguka dunia, likapita mara tatu na nusu kabla ya kufifia lisionekane kwenye karatasi.

Habari nazo zilitembea kwa namna ambayo wazee wa karne ile hawakuizoea. Nyaya za simu zilikwishalazwa chini ya bahari, na mawakala wa bima za meli mjini Batavia walipeleka taarifa London zikasomwa magazetini muda mfupi baadaye. Miaka 68 kabla ya hapo, mwaka 1815, mlima Tambora wa Indonesia hiyo hiyo uliripuka kwa nguvu zaidi na kuua watu wengi zaidi, na ni wachache leo wanaoweza kutaja hata mwezi wake. Tambora haikuwa na waya.

Majivu ya Krakatau yalipanda angani yakaenea dunia nzima. Mwezi Novemba, huko Poughkeepsie na New Haven nchini Marekani, machweo yalikuwa mekundu mno hata magari ya zimamoto yakatoka kwenda kuutafuta moto.

Huku kwetu salamu za Krakatau zilikuja kwa maji. Volkano ilikuwa imemwaga baharini mawe yale mepesi yenye vitundu, ambayo watu husugulia visigino, na kwa kuwa yanaelea, mkondo uliyasukuma magharibi yakiwa mafungu makubwa kama visiwa. Mwaka 1884 mafungu hayo yalifika pwani ya Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwamo, na taarifa za wakati ule zinataja mafuvu na mifupa ya watu iliyookotwa ufukweni pamoja nayo. Maiti hao walikuwa wa Java na Sumatra. Bahari iliyowaleta ilikuwa na njia nyingi, na wale wa Agosti 27 walichukua iliyo ndefu.

Zanzibar waliyoifikia ilikuwa ya Seyyid Barghash bin Said, na Beit al-Ajaib, jumba lake la Forodhani, lilikuwa limekamilika mwaka uleule wa 1883. Tangu 1879 mji ulikuwa na waya wake wa simu chini ya bahari, uliotoka Aden ukaendelea hadi Durban. Waya huo ndio unaotupeleka kwenye Agosti 27 ya pili.

Tarehe 25 Agosti 1896, saa 5:40 asubuhi, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla ya magharibi alikuwa amekwishazikwa na mrithi amekwishajitangaza: Khalid bin Barghash, mtoto wa ami yake, kijana wa miaka kama 22, aliyeingia katika majumba ya kifalme na watu wake na kupandisha bendera nyekundu. Minong'ono kwamba marehemu alipewa sumu ilianza siku ile ile na haijaisha mpaka leo. Waingereza, waliokuwa wameifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, walishikilia kwamba hakuna sultani anayekaa kitini bila ridhaa yao, na wao walimtaka Hamud bin Muhammed. Wote watatu, marehemu na washindani wawili, walikuwa wajukuu wa Seyyid Said bin Sultan. Khalid alikwishajaribu mwaka 1893 na akashawishiwa arudi nyumbani. Safari hii hakurudi.

Balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa zamu, Basil Cave, alikwenda kwenye simu. Aliuliza London kama anayo ruhusa ya kulipiga jumba la sultani kwa mizinga endapo maneno yatashindikana. Jibu lilikuja: chukua hatua yoyote utakayoona inafaa, ila usianze jambo usiloweza kulimaliza. Ni jibu la watu wanaozijua ofisi. Likienda vizuri sifa ni ya Serikali, likienda vibaya ni la Cave.

Manowari zikajipanga mbele ya mji. Philomel na Thrush zilikuwapo tangu mwanzo, Sparrow ikaingia siku ya msiba, Racoon kesho yake, na mchana wa tarehe 26 ikafika St George, meli ya Admirali Harry Rawson. Khalid akapewa mpaka saa 3 kamili asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27, awe ameshusha bendera na kuondoka. Meli za biashara ziliamriwa kutoka bandarini. Wanawake na watoto wa Kizungu walipandishwa melini. Usiku ule balozi mdogo wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, alishangazwa na ukimya wa mji uliokuwa kila usiku na ngoma zake.

Ndani ya majumba walikuwamo watu karibu 3,000: askari wa jumba, raia waliompenda Khalid, watumishi, na watumwa ambao hakuna aliyewauliza wanampenda nani. Silaha zao zilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Walikuwa na bunduki za rashasha, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ya kisasa iliyotoka kwa Kaiser wa Ujerumani kama zawadi kwa sultani. Nje, pamoja na mabaharia wa Kiingereza, walisimama askari Wazanzibari wapatao 900 chini ya Mwingereza Arthur Raikes. Hili husahauliwa: asubuhi ile Wazanzibari walikuwa pande zote mbili za ukuta.

Saa 2:30 Khalid alipeleka neno la mwisho. Hatashusha bendera, na hadhani kama Waingereza watafyatua. Cave akamjibu kwamba hawapendi kufyatua, lakini asipofanya alivyoambiwa watafyatua kweli. Nionavyo mimi Khalid hakuwa mpumbavu kwa kudhani vile. Babu yake na baba yake walijadiliana na mabalozi wa Kizungu maisha yao yote, na kila mara, baada ya vitisho, ilipatikana nafasi ya maneno. Alichokosa kukiona ni kwamba mwaka 1896 aliyekuwa akijadiliana naye alikwishapata jibu la simu mfukoni.

Saa 3:02 Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua kwa pamoja. Kombora la kwanza la Thrush liliung'oa mmoja wa ile mizinga ya Kaiser. Majumba, ambayo sehemu kubwa yalijengwa kwa mbao, yalianza kuporomoka juu ya watu. Glasgow, meli ya sultani iliyotia nanga hapo mbele, mabaki ya fahari ya Seyyid Barghash, ilithubutu kuifyatulia St George. Ilijibiwa, ikaanza kujaa maji, mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu, wakaokolewa. Iliketi chini palepale bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912.

Bendera ya jumba ilipoangushwa na kombora, mizinga ikanyamaza. Vita vilikuwa vimedumu dakika 38. Au 40. Au 45, kutegemea anayehesabu anaanzia wapi, kwenye amri ya saa 3 au kwenye mlio wa saa 3:02, na anakomea kwenye bendera au kwenye risasi ya mwisho. Wapenzi wa rekodi hupigania dakika hizo saba kwa ukali ambao Khalid angeustaajabia.

Sasa tazama hesabu zenyewe. Waingereza waliandika kwamba walitumia makombora takriban 500, risasi za rashasha 4,100 na risasi za bunduki 1,000. Kwao alijeruhiwa mtu mmoja, baharia wa Thrush, ambaye alipona. Upande wa jumba wameandikwa watu kama 500, waliokufa na waliojeruhiwa wakiwa kapu moja. Mia tano. Risasi zina tarakimu yake, majeruhi Mwingereza ana meli yake na habari ya kupona kwake, na watu wa jumba wamekadiriwa jumla kwa jumla. Hakuna aliyekwenda kwenye vifusi na daftari, akaandika nani ni mpishi, nani ni mtumwa wa nani, nani amekufa na nani amekatika mguu. Waholanzi, ambao hawakuwa wema kwa Wajava, angalau walikwenda na daftari.

Na si yote yaliyokuwamo katika dakika 38. Mara baada ya mizinga, wezi waliingia mtaa wa Wahindi, na katika vurumai hiyo walikufa watu kama 20, ambao hakuna hesabu ya vita inayowachukua. Masingasinga 150 waliletwa kutoka Mombasa kulinda mitaa. Waliomuunga mkono Khalid walitozwa fidia ya hasara za uporaji na, juu yake, gharama za makombora waliyopigwa nayo.

Khalid mwenyewe alikuwa amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na wenzake kama 40. Wapo wasemao alitoroka mlio wa kwanza tu, wapo wasemao alikaa kitambo. Waingereza waliweka walinzi mlangoni: akikanyaga ardhi ya Zanzibar, akamatwe. Wajerumani waliahidi kwamba hataikanyaga. Tarehe 2 Oktoba manowari yao Seeadler ilikuwa bandarini, na maji yalipojaa yakafika hadi lango la bustani ya ubalozi, mashua ikaletwa mpaka pale. Khalid akatoka bustanini, ambako ni Ujerumani, akaingia mashuani, ambako pia ni Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni Seychelles na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Hamud alitawazwa jioni ileile ya Agosti 27. Mwaka uliofuata alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria Zanzibar, jambo lililowafaa watu wengi kuliko yote aliyoyafanya, na ambalo katika safu za "siku kama ya leo" hupitwa mbali na zile dakika 38.

Agosti 27 ya tatu haihitaji maneno mengi. Mwaka 1928, katika wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa mjini Paris, wajumbe wa nchi 15 walitia saini mkataba wa kuacha vita kama njia ya sera ya taifa. Waasisi wake walikuwa Aristide Briand wa Ufaransa na Frank Kellogg wa Marekani, na kalamu ilikuwa ya dhahabu. Hapa tarehe ilipangwa, wapiga picha wakaitwa, kila kitu kikaandikwa. Miaka mitatu baadaye Japani, mmoja wa waliosaini, ilikuwa ndani ya Manchuria. Ni rahisi kuucheka mkataba huo, na wengi hucheka, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia majaji wa Nuremberg waliushika na kuutumia dhidi ya viongozi wa Ujerumani waliotuhumiwa kuanzisha vita.

Ya nne, ambayo kwa miaka ni ya kwanza, inastaajabisha kwa sababu siku yenyewe hakuna aliyeona kitu. Edwin Drake alikuwa kondakta wa treni aliyeacha kazi. Wenye fedha waliokuwa nyuma ya kampuni ya Seneca walimtuma Titusville, kijiji cha Pennsylvania, akachimbe mafuta, na ili wanakijiji wamheshimu walimwandikia barua kwa cheo cha "Kanali", ingawa hakuwahi kuwa mwanajeshi. Heshima haikuja. Watu walikuwa wamezoea kuyakusanya mafuta yaliyoelea juu ya kijito, na mtu anayetoboa ardhi kuyafuata kwao alikuwa kichekesho. Shimo lilikuwa likijaa maji na kubomoka, mpaka Drake alipopata wazo la kupigilia bomba la chuma hadi kwenye mwamba na kuchimbia ndani yake. Wakasonga chini ya mita moja kwa siku.

Jumamosi, Agosti 27, 1859, mtaimbo ulifika kina cha mita 21, ukateleza kwenye ufa. Wafanyakazi wakaung'oa, wakaenda zao, kwani kesho yake ni siku ya ibada. Ndiyo tarehe iliyomo vitabuni. Mafuta yenyewe yalionekana Jumapili, pale fundi chuma William Smith, ambaye wote walimwita Mjomba Billy, alipopita kuangalia kazi, akachungulia ndani ya bomba na kuona kitu cheusi kinaelea juu ya maji. Drake alikuja Jumatatu akamkuta na mapipa, mabeseni na kila chombo chenye kina, vyote vimejaa.

Hakuweka hataza ya bomba lake, na wengine wakalichukua bure. Alikufa mwaka 1880 akiwa maskini, akiishi kwa pensheni aliyopewa na jimbo la Pennsylvania. Ama ile Jumatatu ya mapipa, simulizi linalorudiwa zaidi linasema kwamba siku hiyohiyo ilimfikia barua kutoka kwa mfadhili wake, James Townsend. Ndani yake mlikuwa na fedha za mwisho, na agizo la kulipa madeni, kufunga kazi na kurudi nyumbani.